Nilipotafuta giza la panya

Mama mdogo wangu anafuga kuku wa nyama Kibaha. Usiku banda lake unaliona tangu unaposhuka kwenye bodaboda, maana mtaa mzima umelala na lenyewe linawaka. Nikiwa darasa la sita nilimwuliza kwa nini kuku wanawashiwa taa hadi asubuhi, ilhali sisi watoto tukichelewa kuzima ya chumbani tunagombezwa. Hakugeuka hata kunitazama. Mkono ulikuwa ndani ya ndoo ya chakula. "Kuku gizani haoni. Asiyeona hali, asiyekula hanenepi. Sasa asiponenepa nitamuuzia nani?"

Nikakua na jibu hilo. Ndiyo maana, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, msimamizi wangu aliponipa makala ya utafiti kuhusu panya wa maabara walionenepa kwa sababu ya mwanga wa usiku, nilisoma muhtasari nusu nikaifunga. Nilishajua. Taa inawaka, mnyama anaona, anakula zaidi, ananenepa. Mama mdogo alilimaliza hilo zamani, tena bila maabara.

Kesho yake msimamizi akaniuliza swali moja tu: "Walikula kiasi gani zaidi?" Nikasema bila shaka ni kingi. Akachukua karatasi zangu, akafunua, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kunisubiri nisome.

Hawakula zaidi.

Utafiti wenyewe ulifanyika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, katika maabara ya Randy Nelson, na aliyeuongoza alikuwa Laura Fonken, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu. Ulichapishwa mwaka 2010. Walichukua panya dume weupe wa koo inayoitwa Swiss-Webster, wakawagawa makundi matatu. Wote walipewa mchana wa saa 16 wenye mwanga wa luksi 150. Luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali fulani: jua la saa sita mchana linaweza kufika luksi 100,000, na mbalamwezi pevu haifiki hata luksi 1. Tofauti ikawekwa kwenye zile saa 8 zilizobaki. Kundi la kwanza lilizimiwa taa kabisa. La pili liliachiwa luksi 5, yaani mwanga kama wa chumba ambacho televisheni tu ndiyo inayowaka. La tatu halikuzimiwa chochote. Mchana wake haukuisha.

Baada ya wiki 8, panya waliolala, au tuseme waliokesha, kwenye giza walikuwa wameongezeka kama gramu 8. Wale wa luksi 5 waliongezeka kama gramu 12. Ukisikia gramu 4 unaweza kucheka, lakini huyu ni mnyama ambaye akikomaa mwili wake wote ni gramu thelathini na kitu. Walipopewa glukosi na kupimwa damu, miili ya panya wa mwanga ilichelewa kuiondoa sukari. Wale wa mwanga wa saa 24 nao walinenepa vivyo hivyo. Na kwa jumla makundi yote yalikula kiasi kilekile, yakatembea kiasi kilekile.

Neno la kushika hapo ni "kwa jumla". Panya ni mnyama wa usiku. Chakula chake kikubwa hukila gizani. Wale wa giza walikula asilimia 36 tu ya chakula chao taa zikiwa zimewaka. Wale wa luksi 5 walikula asilimia 55 wakati huo, yaani zaidi ya nusu ya mlo wao wakaula saa ambazo panya mwenye akili timamu amelala. Nilipoziona namba hizo nilichukua kalamu. Mchana wao ulikuwa saa 16 kati ya 24, karibu asilimia 67. Kwa hiyo panya asiye na ratiba yoyote, anayekula anapojisikia, angekula theluthi mbili ya chakula chake kwenye mwanga bila hata kukusudia. Panya wa luksi 5 alikuwa anaukaribia ulaji huo wa ovyo. Wa gizani ndiye aliyekuwa bado na adabu ya saa.

Kisha wakafanya jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo moyo wa kazi yote. Waliwaacha panya kwenye mwanga uleule hafifu wa usiku, lakini chakula wakakiweka usiku tu na kukiondoa mchana. Panya hawa hawakunenepa kuliko wale wa giza. Taa inawaka, luksi 5 zilezile, na unene wa ziada haupo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago walikuwa wameujia mlango huo kutoka upande wa pili. Wao hawakugusa taa. Waliwapa panya chakula chenye mafuta mengi, kundi moja likala mchana tu, jingine usiku tu. Baada ya wiki 6, waliolishwa saa za kulala walikuwa wameongezeka uzito kwa asilimia 48, na waliolishwa saa za kuamka kwa asilimia 20. Chakula kimoja, saa mbili tofauti.

Basi na mimi, kwa kiburi cha mwanafunzi aliyeumbuliwa, nikaomba kuurudia ule wa Ohio. Utafiti mdogo wa mwaka wa mwisho, panya wachache, kibali cha kamati, chumba kimoja. Sitaweka namba zangu hapa, na ukimaliza kusoma utaelewa ni kwa nini.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuweka mwanga. Luksi 5 unazipata haraka: balbu ndogo, karatasi mbili tatu juu yake, unasogeza kipima mwanga mpaka namba ikae. Kilichonitesa ni giza.

Chumba tulichopewa kilikuwa stoo zamani, chenye dirisha moja. Dirisha nikaliziba kwa nailoni nyeusi, nikazima taa, nikaona giza totoro, nikafurahi. Nikamwita mzee aliyekuwa anatunza wanyama pale ili aone. Aliingia, akafunga mlango, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyamaza.

"Shikamoo mzee, vipi, si giza hili?"

"Marahaba. Kaa kwanza, kijana. Umetoka kwenye taa sasa hivi, jicho lako halijui kitu. Mpe dakika ishirini."

Tukakaa. Dakika ya kwanza mpaka ya tano sikuona chochote. Baada ya hapo, kama mtu anayefunua shuka polepole, chumba kikaanza kujitokeza. Nailoni yangu ilikuwa na vitundu, ukutani vikawa kama nyota za kiangazi. Chini ya mlango palikuwa na mstari mweupe wa taa ya korido. Swichi ya soketi ya kurefushia waya ilikuwa na kijitaa chekundu, na mwanga wake ulipiga kwenye kizimba cha kwanza kabisa. Dakika ya ishirini niliuona mkono wangu. Niliweza kuhesabu vizimba. Mzee akasimama, akapiga suruali vumbi. "Sasa umeona wanachokiona wao. Ziba."

Nikaleta kipima mwanga. Kikaandika 0.0. Chombo kile hakikuwa kikali kuliko jicho langu. Jicho langu lenyewe si kali kuliko la panya. Nusu ya mwezi ule niliitumia kuziba. Nailoni tabaka la pili, matambara chini ya mlango, selotepu nyeusi juu ya kijitaa, pazia zito ndani ya mlango ili anayeingia asiingie na korido yake.

Wenzangu walidhani nimepagawa. Lakini kuna utafiti wa mwaka 1997, kutoka maabara moja ya Cooperstown, jimbo la New York, uliokuwa unanikosesha usingizi. Watafiti wale walikuwa na panya wakubwa wa maabara wenye uvimbe wa saratani, nao walitaka kujua mwanga unaovuja kwenye chumba kinachodhaniwa kuwa na giza unafanya nini. Luksi 0.2 tu, mwanga wa kupenya pembezoni mwa mlango, ilitosha kuvuruga homoni ya melatonini ya usiku na kuuharakisha uvimbe kukua. Sasa jiulize ni vyumba vingapi vya wanyama duniani vina korido inayowaka usiku na mlango usiokaa sawa. Na ni matokeo mangapi, ya dawa na ya magonjwa yasiyohusiana kabisa na mwanga, yametoka kwenye vyumba hivyo. Kundi la kulinganishia ndilo linalobeba utafiti wote, na kama giza lake lina mwanga, unalinganisha mwanga na mwanga.

Kulikuwa pia na suala la sisi wenyewe kuingia. Huwezi kupima chakula saa za giza bila kuona. Njia iliyozoeleka ni tochi ya mwanga mwekundu hafifu, kwa kuwa jicho la panya halina zile seli za kuona rangi nyekundu kama letu. Lake limeelekea kwenye kijani na hata kwenye miali ya urujuani ambayo sisi hatuioni. Haimaanishi ni kipofu kwa nyekundu, anaiona kwa shida tu. Mzee alifunga karatasi ya plastiki nyekundu kwenye tochi yake, na tukajifunza kufanya kazi haraka bila kuongea. Mara ya kwanza simu yangu ililia ndani ya chumba. Ule mwanga wa kioo cha simu mzee hakuusahau mpaka nahitimu.

Kupima chakula nako kuna vituko vyake. Panya mmoja anakula gramu nne hivi kwa siku. Huyu huyu ana tabia ya kutafuna tembe ya chakula, kumeza kidogo, na kumwaga makombo kwenye maranda. Ukipima chakula kilichobaki juu ya kizimba bila kuchekecha maranda, umempa mnyama gramu ambayo hajaila, na gramu moja hapo ni robo ya mlo. Uzito wa mwili vilevile: panya aliyetoka kula na panya aliyetoka kunya ni wanyama wawili. Inabidi upime saa ileile kila mara.

Na saa yenyewe, nitaje kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonipa raha ya kwanza katika kazi ile. Watu wanaochunguza saa ya mwili wana namna yao ya kuhesabu. Saa ya sifuri ni pale taa inapowaka; ya kwanza ni saa moja baada ya hapo; katika ratiba ya mwanga nusu kwa nusu, ya 12 ndiyo ya taa kuzimwa. Haijalishi upo Ohio au Uholanzi na saa ya ukutani inasema nini. Profesa mmoja mgeni alitufafanulia jambo hili kwa michoro, akiamini linachanganya, na darasa zima likatazamana. Hii ni saa ya bibi! Saa moja asubuhi ni saa moja tangu kuche. Saa 12 jioni mwanga unakwisha. Sisi tumekuwa tukihesabu siku kwa mwanga muda wote huu, na wanasayansi wa panya wamelazimika kufika hapohapo. Nilitamani nimwambie kwamba wanaohangaika kutafsiri ni wale wa saa nyingine.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati ambayo hatuioni: mchana na usiku wetu karibu unalingana mwaka mzima. Mchana wa saa 16 wa panya wa Ohio ni mchana wa kiangazi cha kaskazini.

Mwanga unaingiaje mpaka kwenye mafuta ya tumbo? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa jicho lina aina mbili tu za seli za kupokea mwanga, zile za mwanga hafifu na zile za rangi. Lakini mwaka 1999 ilionyeshwa kuwa panya wasio na aina hizo zote mbili, vipofu kabisa kwa maana ya kawaida, bado saa zao za mwili ziliufuata mwanga. Miaka mitatu baadaye zikatajwa seli za tatu kwenye retina, chache, zenye protini ya melanopsini, ambazo zenyewe zinahisi mwanga, hasa wa buluu. Hizi kazi yake kubwa si kukuonyesha kitu. Zinapeleka taarifa kwenye kifundo cha seli kama 20,000 kilichokaa juu tu ya pale mishipa ya macho inapopishana ubongoni, na kifundo hicho ndicho kinachoziwekea saa sehemu nyingine. Ini lina saa yake, kongosho lina yake, mafuta yana yake. Ini kwa upande wake linasikiliza sana chakula. Ukila mchana na jicho likasema ni mchana, na wewe ni panya, basi ini linapokea amri mbili zinazogombana.

Watu wengi mtandaoni hulimaliza suala hili kwa neno moja: melatonini. Taa inaua melatonini, kwa hiyo unanenepa. Kwa binadamu huenda ipo nafasi yake, lakini kwa panya ngoja kwanza. Koo ya C57BL/6, ambayo ndiyo panya mweusi anayetumika kuliko wote maabara za dunia, karibu haitengenezi melatonini kabisa. Na bado mwanga unamnenepesha.

Hilo lilionekana Leiden, Uholanzi, mwaka 2015. Kundi la watafiti huko liliwaweka panya wa koo hiyo kwenye mwanga wa saa 12, wengine saa 16, wengine saa 24, kwa wiki 5. Kadiri mwanga ulivyorefuka, mafuta yaliongezeka. Hapo Ohio na Leiden wanakubaliana. Lakini Leiden hawakuona sababu kwenye chakula wala kwenye kutembeatembea. Waliiona kwenye mafuta ya kahawia. Haya ni mafuta ya aina yake, ambayo badala ya kutunza nishati huichoma ili mwili upate joto. Kwa panya waliokaa kwenye mwanga mrefu, ishara za mishipa ya fahamu zinazoyaamuru mafuta hayo yafanye kazi zilipungua, nayo yakawa yanachukua sukari na mafuta machache zaidi kutoka kwenye damu. Jiko lilikuwa linazimika taratibu.

Nimewasikia watu wakiulizana nani kati ya hao wawili yuko sahihi. Mimi nadhani swali hilo limekosewa. Koo tofauti, ratiba tofauti, na mwanga tofauti. Kinachonishughulisha zaidi ni baridi. Maabara za huko hukaa kwenye nyuzijoto 20 hadi 24 hivi, kwa sababu hapo mtafiti aliyevaa koti anajisikia vizuri. Panya hana koti. Yeye raha yake iko karibu na nyuzi 30, kwa hiyo kwenye maabara ya kawaida anaishi akipigana na baridi, na mafuta ya kahawia ndiyo silaha yake. Ukimzimia jiko hilo, lazima uone tofauti. Chumba changu cha stoo, dirisha limezibwa tabaka mbili, mwezi wa pili, pwani... Panya wangu hawakuwa na baridi hata kidogo. Walilala wamejinyoosha kama watu kwenye mkeka wa barazani. Hata ningefanya kila kitu sawa, huenda ile njia ya Leiden isingejitokeza kwangu. Ningependa sana mtu wa huku kwetu aifanye kazi hiyo kwa dhati, kwenye joto letu.

Mimi sikuifanya. Wiki ya tatu umeme ulianza kukatika. Usiku wa kwanza ulikatika saa 2 ukarudi alfajiri. Wa pili vilevile. Wa tatu haukurudi mpaka mchana. Jenereta ilikuwepo, ila ilitumikia majokofu ya sampuli tu, na hilo ni haki. Nakumbuka nikisimama mlangoni na tochi nyekundu ya mzee mkononi, nikisikiliza. Kundi la luksi 5 na lile la mwanga wa saa 24 vilikuwa vinachakarika kwa furaha, magurudumu yanazunguka, meno yanatafuna, kila mnyama ameamka. Usiku ulikuwa umewafikia. Kwa siku tatu vizimba vyote vilikuwa kundi moja, lile la giza, na kwa mara ya kwanza giza langu lilikuwa kamili, maana na korido nayo ilizimika.

Msimamizi alisoma daftari langu mpaka mwisho. Akalifunga. "Mwanangu, ulichopima hapa ni mgao wa umeme." Tukaandika ripoti kuhusu namna ya kudhibiti mwanga kwenye chumba cha wanyama, na ndiyo iliyonipatia shahada. Kurasa nne zilikuwa kuhusu mlango.

Sasa kuhusu watu. Kila ninaposimulia haya, kaka yangu, ambaye ni mlinzi wa ghala na ugali wake anaula saa 8 usiku chini ya taa kubwa, huniuliza kama akilinda gizani kitambi kitaondoka. Ninamjibu kwanza kwamba yeye si panya. Panya mwanga unamwambia alale na sisi unatuambia tuamke. Huwezi kuuchukua mchoro wa panya ukaubandika kwa mtu bila kuugeuza, na kuugeuza kwenyewe hakujawa kazi rahisi.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, wa wanawake 43,722 wa miaka 35 hadi 74. Waliolala na taa au televisheni inawaka chumbani walikuwa na uwezekano wa asilimia 17 zaidi wa kuongezeka kilo 5 au zaidi katika miaka iliyofuata. Magazeti yalishangilia. Mimi nauheshimu kwa ukubwa wake, lakini namfikiria mtu anayelala na televisheni imewashwa. Mara nyingi ni mtu aliyerudi amechoka, au mpweke, au anayeogopa, au anayeishi chumba kimoja na wengine ambao bado hawajalala. Watafiti walijitahidi kuyatenganisha hayo, ila hesabu haiwezi kutenganisha kila kitu. Ndiyo sababu panya wanatafutwa: panya hana mkopo wala jirani.

Ule ninaoupenda zaidi ni mdogo, wa Northwestern tena, wa mwaka 2022. Watu 20 tu, vijana wenye afya, walilala maabara. Wengine walilala kwenye luksi 100, mwanga wa chumba usio mkali, kwa usiku mmoja. Mapigo ya moyo wao usiku yalikuwa juu, na asubuhi yake insulini yao ilifanya kazi kwa shida zaidi kuliko ya wale wa karibu giza. Usiku mmoja. Haisemi chochote kuhusu kitambi, lakini inasema mwili ulikuwa macho wakati mwenyewe anakoroma. Nilipomsomea kaka yangu alikaa kimya, kisha akaniuliza kama luksi 100 ni nyingi kuliko taa ya ghala. Tukaenda kupima. Ni chache.

Habari njema, kama ipo, ni ya panya pia. Fonken na wenzake walirudi na jaribio jingine, lililotoka mwaka 2013: panya waliokaa wiki 4 kwenye mwanga hafifu wa usiku wakarudishiwa giza kwa wiki 4 nyingine, na madhara yale, unene na sukari, yakarudi nyuma.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibaha. Nilifika usiku na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikalipita banda bila kulijua, kwa sababu lilikuwa limezimwa. Nikadhani umeme umekatika. Mama mdogo akacheka. Daktari wa mifugo alimwambia kuku wakikosa giza wanakua haraka kuliko miguu yao, wanalemaa, wengine wanaanguka ghafla na kufa. Sasa anazima saa 4, anawasha saa 8 usiku. Nikamwambia Ulaya wameliweka hilo kwenye sheria, jumla ya saa 6 za giza kwa siku, 4 kati yake mfululizo. Hakushangaa. Zamani, akasema, hata walipokuwa wanawasha usiku kucha, wakubwa walimfundisha azime saa moja kila siku, ili umeme ukikatika wenyewe kuku wasiwe wageni wa giza wakarundikana kona moja na kukanyagana. "Na panya wako, walinenepa?"

Nikamweleza kuhusu mgao. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Tuliingia bandani bila tochi. Nikamwomba tukae kidogo, macho yazoee. Alikaa kwenye ndoo yake, mimi kwenye gunia la pumba, na kuku elfu moja na ushei wakawa wanapumua mbele yetu. Dakika kumi hivi nikaanza kuona migongo yao, mistari kwa mistari. Nikatafuta mwanga unakotoka. Ulikuwa unapita kwenye wavu wa upande wa barabara, bluu, unawaka na kuzima.

"Baa ya jirani," mama mdogo akasema. "Hiyo nimeshamwomba mara tatu."